Mshale Uliolala Kwenye Sifuri

Siku za soko la Mpondwe, upande wa Uganda, yaani Jumanne na Ijumaa, malori hushuka kupitia Bwera hadi mto Lubiriha, na ng'ambo ya mto ni Kasindi, Kongo. Mengi ni Fuso, Canter, Elf na Isuzu Forward zilizomaliza ujana wao Japani zikaja kuzeekea hapa, zikibeba saruji ya Hima, chumvi ya Katwe, maharage na samaki mkavu. Reli iliyofika Kasese mwaka 1956 imelala tangu miaka ya 1990, kwa hiyo mzigo wa upande huu wa Rwenzori unategemea matairi. Katika malori ya umri huo, mshale wa spidomita uliolala kwenye sifuri huku gari linatembea ni jambo la kawaida kiasi kwamba halimshtui mtu. Taa ikiungua itabadilishwa kabla ya giza kuingia, breki ikilia itasikilizwa, lakini mshale huachwa. Na siku mwenye gari akiamua kuushughulikia, neno la kwanza gerejini huwa kwamba saa imekufa, na dawa yake ni kutafuta dashibodi nyingine kwenye magari yaliyochinjwa kwa ajili ya spea.

Sura hii inapinga neno hilo la kwanza. Saa iliyoko mbele ya dereva ndiyo sehemu inayoonekana, na kwa sababu inaonekana ndiyo inayoshtakiwa. Lakini yenyewe ni msomaji tu: inasoma habari inayotoka kwenye giaboksi, na habari hiyo husafiri njia ndefu yenye vumbi, joto, matope na mtikisiko kabla ya kufika juu. Msomaji amekaa ndani ya kabini, nyuma ya kioo, akifutwa kwa kitambaa. Mjumbe yuko chini ya gari akipigwa mawe. Ni busara gani inayotufanya tumshuku kwanza yule aliyekaa pazuri? Mbaya zaidi, kubadili dashibodi ndiyo njia pekee ya kutengeneza spidomita inayoweza kumwachia mwenye lori hasara kubwa kuliko ile ya mshale uliolala. Nitaeleza kwa nini, ila tuanze na namna kitu hiki kinavyofanya kazi, maana utambuzi wote wa ugonjwa umo humo.

Spidomita ya kebo tunayoikuta kwenye malori ya zamani haijabadilika sana tangu Mjerumani Otto Schulze alipoisajili hataza yake mwaka 1902. Nyuma ya giaboksi, kwenye shafti inayopeleka nguvu kwenye propela, kuna gia ndogo, mara nyingi ya plastiki, inayozungusha waya uliosokotwa ndani ya ganda refu. Waya huo ndio kebo. Ncha yake ya juu inaingia nyuma ya saa na kuzungusha sumaku. Sumaku inazunguka ndani ya kikombe chepesi cha alumini bila kukigusa. Alumini haivutwi na sumaku, kila fundi anajua, lakini sumaku ikizunguka karibu nayo huzaa mkondo mdogo wa umeme ndani ya metali hiyo, na mkondo huo hufanya kikombe kitake kuifuata sumaku. Kinachokizuia ni springi laini kama unywele. Kadiri sumaku inavyokimbia, ndivyo kikombe kinavyoishinda springi kidogo zaidi, na mshale ulioshikwa na kikombe unapanda. Hakuna gia kati ya sumaku na mshale, hakuna waya, kuna hewa tu. Namba za kilomita ni kinyume chake: zinasukumwa na gia halisi zilizofungwa kwenye shafti ileile ya sumaku, jino kwa jino, bila huruma. Kwa hiyo kebo moja inalisha midomo miwili, mmoja kwa hewa, mwingine kwa meno.

Hapo ndipo utambuzi unapopata mashahidi wake wawili. Tembeza lori kilomita tatu au nne na uangalie mshale na namba kwa pamoja. Kama mshale umelala lakini namba zinapanda, kebo ni nzima, gia ya chini ni nzima, na huna sababu hata moja ya kulala chini ya gari. Ugonjwa uko kwenye kikombe, springi au mshale wenyewe, na hapa, kwa mara moja, saa ina hatia. Kama mshale unafanya kazi lakini namba zimeganda, kuna kigia cha plastiki ndani ya saa kimepasuka au kimelegea kwenye shafti yake. Kama vyote viwili vimekufa, ushahidi unaelekea chini: kebo imekatika, ncha yake ya pembe nne imeviringika, nati ya nyuma ya saa imelegea na kebo imechomoka, au gia ya giaboksi imemalizika meno. Mshale unaotetemeka kama mwenye homa, hasa kwenye mwendo mdogo, unasema kebo imekauka grisi au imekunjwa mahali: waya unajishika, unajikusanya, kisha unajiachia kwa mkupuo. Na mshale unaoruka hadi mwisho wa uso na kubaki huko unasema kitu kimeingia kati ya sumaku na kikombe, mara nyingi grisi, na sasa kikombe kinaburutwa na sumaku badala ya kubembelezwa nayo. Matokeo hayo yote yanapatikana kabla spana haijaguswa. Mtu aliyefungua dashibodi kabla ya kutazama namba za kilomita amemtupa shahidi aliyekuwa tayari kusema bure.

Mazingira ya huku yanaongeza uzito kwenye hoja ya kuanza chini. Kasese iko kwenye sakafu ya bonde la ufa, joto lake ni la mwaka mzima, na vumbi la barabara za udongo zinazopanda kwenye mashamba ya kahawa ni laini kama unga. Vumbi hilo likichanganyika na grisi ya kebo linakuwa msasa. Kisha mvua za milimani huja, mito kama Nyamwamba na Lubiriha hujaa kokoto na matope, na lori linalovuka maji hubeba sehemu ya mto kwenye ganda la kebo lililopasuka. Kuna pia mafuta: sili ndogo iliyoko mahali kebo inapoingia giaboksi ikichoka, oili hupanda ndani ya ganda, kwa sababu waya uliosokotwa ukizunguka hufanya kazi kama skrubu ya kupandisha maji. Wengine hukuta oili ya giaboksi ikichuruzika nyuma ya dashibodi na kudhani ni maajabu. Ni sili ya bei ndogo kuliko soda mbili. Lakini dashibodi iliyolowa oili huonekana imeharibika kabisa, nayo hutupwa, na mpya inafungwa kwenye kebo ileile inayopandisha oili ileile.

Kazi yenyewe ni ya saa moja. Fungua nati ya kebo nyuma ya saa, vuta ganda nje, shika ncha ya waya kwa vidole na uizungushe taratibu. Ikizunguka bila mwisho na hakuna upinzani, imekatika. Ikizunguka robo na kurudi kama springi, ni nzima na imeshikwa kule chini kama inavyopaswa. Waya ukitoka, ulaze juu ya meza tambarare na uviringishe kwa kiganja: waya mzuri unaviringika kimyakimya, wenye kasoro unarukaruka mahali palipokunjika, na hapo ndipo mshale ulipokuwa ukitetemekea. Safisha kwa dizeli, kausha, paka grisi nyepesi kuanzia ncha ya chini hadi theluthi mbili ya urefu, na uache sehemu ya juu karibu kavu. Watu wengi hukosea hapa kwa ukarimu: wanajaza grisi kote, nayo inapanda kwa ile tabia ya skrubu na kuingia kwenye kikombe cha alumini, na wiki mbili baadaye mshale umekwama kwenye 120 huku lori limesimama. Unapoirudisha kebo, hakikisha haipiti kona kali, haigusi bomba la ekzosi, na haibanwi na kabini inapofunikwa. Kwenye magari ambayo kabini inainuliwa mbele, kebo iliyofungwa fupi kupita kiasi huvutwa kila mtu anapokagua injini, na hatimaye ganda lake hukatika palepale kwenye mkunjo.

Fundi mzuri anaweza kunipinga hapa, na ana haki. Atasema: kebo haikatiki yenyewe, mara nyingi hukatika kwa sababu shafti ya sumaku ndani ya saa imekauka, ikaanza kushika, na kebo ikashindwa kuizungusha. Kwa hiyo chanzo kilikuwa juu. Ni kweli, na ndiyo maana kuanza chini hakumaanishi kuisahau saa. Kabla ya kufunga kebo mpya, ingiza kipande cha waya wa zamani, au bisibisi ndogo inayoenea, kwenye tundu la nyuma ya saa na uizungushe kwa vidole. Inapaswa kuzunguka laini na mshale uinuke kidogo. Ikiwa nzito, au ikilia kama panya, tone moja la mafuta mepesi kwenye bushi yake litaokoa kebo mpya. Tone moja, si matano, kwa sababu tuliyokwisha kuiona. Wale ambao kebo zao hukatika kila baada ya miezi michache na kulaumu spea za bandia wangejaribu vidole vyao kwanza. Lakini angalia jambo moja: hata hapa saa haikuwa imekufa. Ilikuwa na kiu. Dawa haikuwa dashibodi nyingine.

Malori ya kuanzia miaka ya 1990 kuja mbele mara nyingi hayana kebo. Mahali pake kuna sensa kwenye giaboksi inayotuma mapigo ya umeme, kwa kawaida manne au manane kwa kila mzunguko, na saa inayahesabu. Kuna wanaodhani hapa hoja yangu inakufa, kwamba umeme ni wa dashibodi na dashibodi ni ya kubadilishwa. Naona kinyume: hoja inapata nguvu. Waya wa sensa unapita palepale kebo ilipopita, kwenye vumbi na matope yaleyale, na una plagi ambazo kebo haikuwa nazo. Mashahidi wawili bado wapo, na wa tatu ameongezeka. Kama mshale wa spidi na namba za kilomita vimekufa lakini mafuta, joto na taa za dashibodi vinafanya kazi, saa inapata umeme wake na inasubiri habari isiyofika. Nenda kwenye sensa. Kama kila kitu kwenye dashibodi kimekufa pamoja, anza na fyuzi na waya wa ardhi. Kwenye sensa ya nyaya tatu, mmoja unaleta umeme, mmoja ni ardhi, na wa tatu ndio unaopeleka mapigo. Kwa mita ya umeme, swichi ikiwa imewashwa, unahakikisha wa kwanza una umeme na wa pili umeshika ardhi vizuri. Kisha unazungusha gurudumu la nyuma polepole na kuangalia wa tatu ukipanda na kushuka. Ukipanda na kushuka, sensa inasema, na tatizo ni njia ya kwenda juu. Usipotikisika, chomoa sensa utazame gia yake kabla ya kuihukumu, maana sensa nzima isiyozungushwa na kitu haina la kusema.

Hapo kwenye kuzungusha gurudumu kuna hatari ninayotaka kuikazia kuliko jambo lolote la ufundi katika sura hii. Kwenye Canter na Elf nyingi za zamani breki ya mkono haishiki magurudumu; inashika shafti nyuma ya giaboksi. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu inaruhusu gurudumu lililo hewani lizunguke upande wake na lile lililo chini lizunguke upande mwingine, hata kama shafti imeshikwa kabisa. Maana yake breki ya mkono haikushikilii lori tena, na lori linaweza kuondoka juu ya jeki huku mtu amelala chini. Gereji za Bwera ziko kwenye mteremko, kama ulivyo mji wenyewe. Kabari za miti au mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, na stendi chini ya eksoli, ndizo zinazomlinda fundi. Mshale wa spidi hauna thamani ya mguu wa mtu.

Sasa tuseme mshale umeamka. Je, unasema kweli? Watu wengi huishia kwenye furaha ya kuuona unapanda, na huu ndio upungufu ninaouona hata kwa mafundi hodari. Spidomita haipimi mwendo wa lori. Inahesabu mizunguko ya shafti na kudhani kwamba kila mzunguko ni kipande fulani cha barabara. Dhana hiyo iliwekwa kiwandani kwa tairi fulani na difu fulani. Kanuni ya Japani ni kwamba kebo izunguke mara 637 kwa kila kilomita moja, na baadhi ya saa zina namba hiyo imeandikwa kwa herufi ndogo kwenye uso wake. Saa za Kiingereza za Bedford na Leyland za zamani zilikuwa na namba yao, nazo zilihesabu kwa maili, hivyo 40 iliyosomwa humo ni kilomita 64. Lori lililotoka na tairi za 7.00-16, mwenyewe akavisha 7.50-16 ili libebe zaidi, linakanyaga barabara ndefu zaidi kwa kila mzunguko, kwa karibu asilimia 4. Mshale utasema 60 na lori litakuwa kwenye 62 na ushee. Si kubwa. Lakini mwenye lori huyohuyo akibadili difu, akatoa ya mlima yenye uwiano wa 6 kwa 1 akaweka ya 5 kwa 1 ili aende upesi kwenye tambarare, mambo yanageuka. Gia ya spidomita iko kabla ya difu, kwa hiyo haina habari ya mabadiliko hayo. Mshale utasema 50 na lori litakuwa kwenye 60. Tairi lililoisha hufanya kinyume: likipoteza milimita 12 za kashata pande zote, kipenyo chake hupungua kwa asilimia 3 hivi na mshale husema zaidi ya kweli. Makosa ya namna hiyo hayana ubaya. Kanuni ya kimataifa ya Umoja wa Mataifa juu ya spidomita, Kanuni namba 39, inaruhusu mshale kuzidisha hadi asilimia 10 na kilomita 4 juu yake, lakini hairuhusu upunguze hata kidogo. Saa inayozidisha inamchelewesha dereva, inayopunguza inamwangusha.

Kipimo cha ukweli hakihitaji kifaa chochote cha kununua. Tafuta mahali tambarare, pima mita 20 kwa utepe wa seremala na uchore mistari miwili kwa chaki. Chomoa kebo nyuma ya saa, ichomoze ndani ya kabini, na ubandike kwenye ncha ya waya kipande cha karatasi kama bendera. Mtu mmoja akae ndani akitazama bendera, wengine wasukume lori polepole kutoka mstari hadi mstari. Kwa saa ya 637, bendera inapaswa kuzunguka mara 12 na robo tatu. Ikizunguka 12 na robo tu, saa inapunguza kwa asilimia 4, na pengine umepata tairi kubwa zilizofungwa na mwenye gari wa kabla yako. Ikizunguka karibu 10 na nusu, mtu alibadili difu na hakukuambia. Kwa lori la sensa, njia ni barabara yenyewe na saa ya mkononi: kwa 60 kamili, kilomita moja huchukua sekunde 60, kwa 50, sekunde 72, kwa 40, sekunde 90. Barabara ya Kasese hadi Kikorongo ina vipande virefu vilivyonyooka vinavyofaa, ila sehemu ya Kikorongo iko ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, ambako tembo na nyati huvuka lami bila kuangalia kushoto wala kulia. Fanya kipimo upande wa mji.

Hapo hapo kwenye tembo ndipo pingamizi la madereva linapojibiwa. Wanasema, na si kwa majivuno: dereva aliyekaa miaka 20 kwenye usukani anajua mwendo wake kwa sikio na kwa gia. Injini ikiimba hivi kwenye gia ya nne ni 50. Sikubishani kwamba sikio lipo. Ninachosema ni kwamba sikio linasikia mizunguko ya injini, na mizunguko ya injini ni kipimo cha mwendo pale tu difu na tairi hazijabadilika. Lori likibadilishwa difu, wimbo unabaki uleule na mwendo unapanda. Tena jicho la binadamu huzoea. Aliyekimbia muda mrefu kwenye tambarare akipunguza hadi 60 huhisi anatambaa, na hisia hiyo humpata pale anapoingia Kikorongo au senta ya Bwera yenye watoto kando ya lami. Nguvu ya lori kugonga haikui sambamba na mwendo, inakua kwa mraba wake: kutoka 50 hadi 70 ni karibu mara mbili, na breki ndizo zinazopaswa kuila nguvu hiyo yote. Yule anayekisia kwa sikio anakisia sehemu ambayo kosa dogo hulipwa mara mbili.

Pingamizi la simu ni bora zaidi, na nalikubali nusu. Simu yenye setilaiti hupima mwendo wa lori moja kwa moja, bila kujali tairi wala difu, na kwenye mwendo wa kutulia ni sahihi kuliko spidomita nyingi mpya. Anayetaka kujua uongo wa mshale wake aweke simu kwenye dashibodi na alinganishe. Lakini kama mbadala wa kudumu simu ina kasoro: inachelewa gari linapobadili mwendo ghafla, inaisha chaji, inapigiwa, na inamfanya dereva aangalie kioo kingine kilicho mbali na barabara. Zaidi ya yote haipeleki habari popote ndani ya lori. Malori ya Kijapani yenye uzito wa tani 8 na zaidi yaliyotengenezwa tangu sheria ya huko ya mwaka 2003 yana kizuia mwendo cha kilomita 90, na kifaa hicho hula habari ileile ya sensa. Simu haiwezi kukilisha. Faini za kamera zilizoanza Uganda Juni 2025 zilisitishwa baada ya siku chache tu, lakini rada za polisi zipo, nazo hazisomi simu ya dereva wala mshale wake.

Pingamizi la mwisho ndilo linalonivuta zaidi, maana linagusa mfuko. Mtu husema: lori la miaka 30, limezunguka nusu ya dunia, namba za kilomita zilisharudishwa nyuma bandarini au kabla, zina maana gani? Hazina maana kama jumla, hilo nakubali. Zina maana kama tofauti. Mwenye lori hahitaji kujua limetembea kilomita ngapi tangu lizaliwe. Anahitaji kujua limetembea ngapi tangu oili ibadilishwe, tangu tairi zifungwe, tangu tanki lijazwe. Bila namba zinazotembea, oili hubadilishwa kwa rangi yake, nayo oili ya dizeli huwa nyeusi siku chache tu baada ya kumwagwa mpya, kwa hiyo rangi haisemi kitu. Matumizi ya mafuta hayapimiki kabisa. Kutoka Kasese hadi mpakani Mpondwe ni kilomita 50 na kitu. Lori likienda na kurudi mara tatu kwa wiki, na mara moja lipelekwe kubeba kahawa milimani, nani atajua kama lita zilizopungua zilichomwa na mlima au zilinyonywa kwa mpira usiku? Tajiri atamshuku dereva na dereva hatakuwa na cha kujitetea. Namba za kilomita zinamlinda dereva mwaminifu kuliko zinavyomlinda tajiri, na hili matajiri hawalisemi wanapozungumza juu ya madereva.

Ni kweli pia kwamba kuna kebo zisizokatika bali zinazofunguliwa, safari ya pembeni ikitakiwa isionekane. Chuma chenyewe kina ushahidi. Nati ya kebo isiyoguswa kwa miaka imefunikwa na ukoko wa vumbi na oili uliokauka kama lami. Nati inayofunguliwa na kufungwa ina pembe zinazong'aa, na ukoko umekatika kwa duara safi pale ilipokutana na giaboksi. Inafaa kuitazama kabla ya kumwuliza mtu yeyote neno, na inafaa vilevile kukumbuka kwamba aliyeifungua anaweza kuwa fundi wa jana tu.

Basi tuirudie dashibodi ya mtumba, tuone kwa nini niliiita hasara. Inakuja na namba zake, za lori jingine lililochinjwa, na tangu siku inapofungwa tofauti zote nilizotaja zinakatika: oili, tairi, mafuta, kila hesabu inaanzia mahali pasipojulikana. Inaweza kuwa ya mapigo manne wakati sensa yako inatuma manane, na mshale utasema mara mbili ya mwendo. Inaweza kuwa ya volti 12 kwenye lori la volti 24, na hapo hutahitaji kipimo chochote, utaona moshi. Na kama ugonjwa ulikuwa kwenye kebo au sensa, mshale mpya utalala palepale mwenzake alipolala. Ipo hali moja ambayo dashibodi lazima ibadilishwe: kikombe kimepinda, springi imekatika, au bodi ya umeme imeungua, na mashahidi wawili wamethibitisha hivyo. Hapo fundi mwenye mkono mwepesi huhamisha uso na mitambo ya mshale tu, akaacha namba za zamani mahali pake. Ikishindikana, kabla ya kuifunga saa mpya, chukua daftari la gari na uandike kwenye mstari mmoja tarehe, namba ilipoishia saa ya zamani, na namba ilipoanzia mpya. Kama bendera ya karatasi ilionyesha saa inapunguza, andika na asilimia yake hapo pembeni, na uirudie kwenye kipande cha plasta juu ya dashibodi ambapo dereva yeyote, hata wa kukodi kwa siku moja, ataiona.